Mashahidi watatu, mdomo mmoja: shajara ya kumtafuta Babu

Jumapili, 2 Februari 2025

Kijitabu cha ukoo kilikuwa kimekwisha. Kurasa 24, picha 9, na bei ya kuchapisha nilishaulizia kwenye steshenari ya jirani. Leo baada ya misa nikakituma kwenye grupu la ukoo, niwaonjeshe kabla ya Pasaka. Pongezi zikamiminika, maua kwa mikono ya kusali, mpaka binamu yangu mdogo aliye kidato cha tatu akaandika: "Dada, ukurasa wa 3 Babu kazaliwa 1927. Ukurasa wa 5 kaja mkonge 1938. Kwa hiyo alikuwa manamba ana miaka 11?"

Kimya. Hata waliokuwa wakitupa maua wakaacha.

Nimeshinda na swali hilo tangu adhuhuri. Watoto walifanya kazi mashambani, hilo linajulikana, lakini Babu hakuja Tanga ameshikwa mkono na mzazi. Alitoka Ungoni, huko Songea, peke yake, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara za leo, akaja kwa mkataba, akapewa namba, akalazwa kambi ya wasio na wake. Huyo si mtoto wa darasa la tano. Basi mmoja kati ya miaka hiyo miwili ni wa uongo. Au yote miwili.

Mimi ni mtu wa mahesabu. Kazini kwangu, kwenye chama cha akiba na mikopo, haitoki hata mia bila hati. Hapa nimetoa miaka miwili mizima na sijui risiti iko wapi.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekikagua kijitabu kama ninavyokagua vitabu vya kazini. Kila sentensi inayodai jambo (alizaliwa, alihama, alioa, aliitwa hivi, alifanya kazi pale) nimeipigia mstari mwekundu, kisha nikajiuliza: nani kasema? Madai 61. Ambayo naweza kukuonyesha chanzo chake leo hii, kwa mkono: 14. Yale mengine nimeyaandika kana kwamba nilikuwepo.

Mwaka 1927 ulionekana uko salama: upo kwenye cheti cha ubatizo, upo kwenye jiwe la kaburi, upo kwenye daftari la ukoo la marehemu Baba. Mashahidi watatu. Mwaka 1938 nilikuwa na wawili: Shangazi, niliyezungumza naye Desemba 2021, na Baba Mdogo, aliyenitajia mwaka huo kwa simu mwaka 2023.

Nikatafuta "1938" kwenye grupu. Mara ya kwanza kabisa inapotokea ni Januari 2022, na aliyeandika ni mimi: "Nadhani Babu alikuja Tanga 1938 hivi, maana Shangazi anasema ni kabla ya vita."

Nikampigia Baba Mdogo.

"Shikamoo Baba Mdogo. Ile 1938 ya Babu kuja huku, uliipata kwa nani?"

"Marahaba. Si wewe uliiandika kwenye grupu, mwanangu? Mimi nikajua umeitoa kwenye nyaraka."

Kwa hiyo shahidi wangu wa pili ni mimi. Nimejikopesha mwenyewe, nikajilipa mwenyewe, nikaandika mapato.

Jumapili, 16 Februari

Nimenunua kaunta buku nene na kuivalisha plastiki kama ya mtoto wa shule. Kanuni ni moja: hakuna kinachoingia kijitabuni kabla hakijapita humu. Kila chanzo kinapewa herufi na namba. M ni mdomo, K ni karatasi, S ni sajili, P ni picha, J ni jiwe la kaburi. Namba zinafuata zamu ya kuingia tu. M-1 si bora kuliko M-7.

Nilianza na maswali ya kawaida: ni kitu gani, kiko wapi, nani anakitunza, nimekiona lini, ni chenyewe au nakala. Nilipofika K-2, cheti cha ubatizo cha Babu, nikagundua nimesahau safu moja. Cheti kile si cha siku aliyobatizwa. Kimepigwa taipu mwaka 1974, kwa sababu mwaka huo Babu na Bibi walibariki ndoa yao huku Tanga, watoto wote wakiwa wameshazaliwa, na padri akataka cheti kipya kutoka parokia ya ubatizo. Aliyekipiga taipu hakuwepo kwenye ubatizo. Alikuwa na kitabu cha parokia mbele yake, akanakili. Cheti ni mtoto wa kitabu. Basi nimeongeza safu: "Kimezaliwa na nini?" Vyanzo navyo vina ukoo wao, tena wakati mwingine wana undugu tusioujua.

Nikaendelea. J-1, jiwe la kaburi, linasema 1927. Nani alimtajia fundi? Marehemu Baba, mwaka 1996, miaka minane baada ya mazishi. Baba alitoa wapi? Kwenye daftari lake, K-5. Na kwenye daftari, pembeni ya mwaka, kwa ule mwandiko wake wa kuinamia kulia, ameandika maneno mawili: "kwa cheti". Nimelifungua daftari hili mara ngapi sijui, na sijawahi kuyaona. Mzee alitunza vyanzo kuliko mimi mwenye kompyuta.

Basi mashahidi wangu watatu wa 1927 wana mdomo mmoja, na mdomo huo ni wa karani wa 1974.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimekaa na rekodi ya Shangazi ya Desemba 2021, M-1, dakika 47. Aibu yangu ni kwamba sikuwahi kuisikiliza tena tangu siku ile. Nilitegemea muhtasari niliouandika jioni yake kwenye simu: "Kabla ya vita. Lori. Korogwe."

Dakika ya 19 Shangazi anasema, na nimelirudia mara sita huku nimeziba sikio jingine: "Baba alikuja kabla vita haijaisha, na lori la Silabu, wakashushwa Korogwe."

Kabla vita haijaisha. Si kabla ya vita.

Neno moja tu nililiacha, nikamrudisha Babu nyuma miaka sita au saba. Na si hilo tu. Dakika moja baadaye nasikika mimi mwenyewe, sauti ya juu ya mtu aliyeshapata jibu lake: "Kwa hiyo ilikuwa kabla ya vita, Shangazi?" Naye anajibu "Eeh." Ukisikiliza vizuri, nyuma ya ile eeh kuna ungo. Shangazi anapeta mchele. Ile si eeh ya ushahidi, ni eeh ya mtu anayetaka mgeni anyamaze ahesabu mawe.

Kwenye kaunta buku sasa kila M ina sehemu mbili: maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, pamoja na dakika yake, na chini yake swali nililouliza. Muhtasari wangu unakaa ukurasa wa mkono wa kushoto, ujulikane kuwa ni wangu.

Kuhusu Silabu: ilikuwa ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kukusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali, na ilianzishwa mwaka 1944. Kama kweli Babu alipanda lori la Silabu, 1938 imekufa hapohapo. Lakini nisikimbie. Watu walizoea kuita kila lori la manamba Silabu, kama dawa yoyote ya meno ilivyo Colgate. Shangazi alizaliwa 1949. Jina alilisikia lilipokuwa limeshaenea. Nimeandika: "Inaelekea baada ya 1944. Haitoshi peke yake."

Jumapili, 23 Machi

Korogwe, kwa Shangazi. Safari hii nimekwenda bila mwaka wowote mdomoni. Nilimuuliza tu: hadithi hii ulisimuliwa na nani, ukiwa na umri gani, mmekaa wapi?

Alicheka. "We mtoto, unanihoji kama karani wa sensa." Kisha akanyamaza kidogo, na alipoanza kusema ilikuwa hadithi nyingine kabisa na ile ya 2021, si kwa kupingana bali kwa unene. Alikuwa darasa la tatu au la nne. Babu akirudi kutoka kukata mkonge alikaa kwenye kigoda nje, yeye Shangazi akimtoa miiba mikononi kwa sindano, na ndipo Babu aliposimulia. Kwamba walipewa blanketi mojamoja. Kwamba njiani walikuwa wakiimba mpaka Njombe, baridi ikawanyamazisha. Na kwamba siku moja, akiwa mgeni bado shambani, king'ora cha korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge, kililia mchana kweupe, watu wakadhani mashine imekula mtu, kumbe wazungu wanatangaza vita vimekwisha.

Hiyo ya king'ora haikuwemo kwenye M-1. Imeingia kama M-6, "amesikia kwa Babu mwenyewe, utotoni, si zaidi ya mara mbili". Nilimuuliza mara ngapi. Angesema "kila siku" ningeandika hivyohivyo, ila ningejua ni hadithi iliyosuguliwa.

Wakati wa kuondoka akaniambia: "Mbona mara ya kwanza hukuniuliza hivi?"

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Makaburini asubuhi, kisha kwa Baba Mdogo. Kijitabu hakikuchapishwa, na nimeulizwa na kila aliyekuja, hata na mkwe ambaye si wa ukoo.

Baba Mdogo ametoa sanduku la bati la Babu. Nilimwomba asilifungue kwanza. Nimelipiga picha limefungwa, likiwa limefunguliwa bila kuguswa, halafu kila tabaka kabla ya kutoa kitu. Shemeji akauliza kama tunachunguza mauaji. Lakini namna vitu vilivyolala nayo ni habari: stakabadhi za kodi zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kamba ya singa, fundo la Babu mwenyewe, na kadi ya TANU ilikuwa peke yake ndani ya bahasha. Ukishamwaga kitandani, mpangilio ule umekwenda na haurudi.

Stakabadhi ya zamani kuliko zote ina mhuri wa Tanga, 1946. K-9. Hii ndiyo karatasi ya kwanza kabisa inayomweka Babu mkoa huu kwa tarehe iliyoandikwa siku ileile, na si kwa kumbukumbu ya mtu.

K-11 ni kadi yake ya NPF, ule mfuko wa akiba wa wafanyakazi ulioanza 1964 na mwaka 1997 ukageuka kuwa NSSF. Mwaka wa kuzaliwa: 1925. Sasa nina miaka miwili ya kuzaliwa. Zamani ningechagua unaonipendeza. Nimeiandika yote miwili, na mbele ya 1925 nimeweka: "Ameandika karani wa shamba, si kabla ya 1964. Huenda Babu ndiye aliyetaja." Baba Mdogo anasema watu walijipunguzia umri wasistaafishwe mapema. Inawezekana. Nimeiingiza kama maoni ya Baba Mdogo, M-8, kwa sababu hakusema Babu ndiye aliyefanya hivyo, alisema watu.

P-4 ni picha ya Babu na wanaume wengine wawili mbele ya kambi. Kila mtu anajua ni kambi gani, na kila mtu anataja nyingine. Nyuma ya picha hakuna kitu. Imepigwa picha pande zote mbili, pamoja na huo upande mtupu, nisije mwakani nikajiuliza kama niligeuza.

Jumanne, 29 Aprili

Fupi. Binamu wa Dar alikuwa na stakabadhi tatu nyingine, akazipiga picha na kunitumia kwa WhatsApp. Hazisomeki, na tarehe ya kupigwa picha imefutika njiani. Nimemwomba atume upya kama dokumenti, si kama picha. Zimefika zikiwa safi, hata alama ya maji ya karatasi inaonekana. Nimezihifadhi sehemu tatu: kompyuta, flashi iliyo kwa Baba Mdogo, na barua pepe yangu.

Jumatano, 7 Mei

Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Siku mbili, majalada matatu na vitabu vya wilaya. Nilichokipata kuhusu Babu: hakuna.

Nilitarajia nini? Kwenye taarifa nilizosoma vibarua hawana majina, wana idadi. Wangapi wamefika kutoka Songea, wangapi wametoroka, wangapi wamekufa. Ukitafuta jina la mtu mmoja humo ni sawa na kutafuta punje yako kwenye gunia la ghala.

Jioni nilikuwa tayari kufunga daftari bila kuandika, maana nitaandika nini? Nikakumbuka mwaka 2022 nilikuja hapahapa. Nakumbuka ngazi, nakumbuka chai ya nje, sikumbuki hata jalada moja nililofungua. Huenda leo nimesoma yaleyale. Basi ukurasa mzima umeandikwa: namba ya kila jalada kama ilivyo kwenye ganda lake, miaka inayohusika, kurasa nilizopitia na nilizoruka, jina nililotafuta pamoja na tahajia zake zote, na matokeo: hakuna. Kwenye jina la ubatizo peke yake nina tahajia nne, Aloysius, Alois, Aloisi na Aloyce, na shambani hawakutumia hata moja kati ya hizo. Shambani aliitwa Mngoni, basi.

Alhamisi, 12 Juni

Songea. Nimetua jana usiku, miguu imevimba kama imeumwa na nyuki. Nimefikia kwa Baba Mkubwa wa upande huu, mtoto wa kaka yake Babu, niliyekuwa nikimjua kwa sauti tu.

Asubuhi tukaenda parokiani naye, mimi na barua ya utambulisho kutoka parokia yetu, K-2 kwenye bahasha, na namba ya LB iliyopigwa taipu juu ya cheti. Namba hiyo nimeitazama miaka yote bila kujua ni anwani. LB ni Liber Baptizatorum, kitabu cha waliobatizwa, kwa Kilatini cha wamisionari. Katibu wa parokia aliisoma mara moja, akaingia ndani, akatoka na kitabu kimoja tu. Hakupekua. Kama Babu angekuwa na cheti kisicho na namba, tungekuwa pale mpaka leo.

Kitabu kina ganda gumu na mgongo ulioshonwa upya. Safu zimechapwa kwa Kilatini, mwandiko ni wa padri Mjerumani. Babu yumo kwenye nusu ya chini ya ukurasa wa kulia. Alibatizwa mwaka 1934. Wazazi wake wametajwa, na baada ya majina yao kuna neno moja, pagani. Baba Mkubwa aliuliza maana yake nikamwambia, akasema, "Haya. Mbinguni watakuwa wamelirekebisha."

Mwaka wa kuzaliwa: circiter, halafu 192 na tarakimu ya mwisho. Kwa jicho langu la kwanza ilikuwa 7. Nikakaribia kufunga. Lakini kwenye mstari uleule, tarehe ya ubatizo ni siku ya 17, na hapo padri ameandika 1 na 7 zikiwa bega kwa bega. Moja yake ina mkono mrefu unaopanda kutoka chini kabisa ya mstari, kisha inashuka wima. Saba yake imekatwa kiunoni kwa kistari. Nikarudi kwenye mwaka. Mkono mrefu upo. Kistari hakipo. Nikapitia ukurasa mzima na katibu, kidole kwa kidole: kila saba yake ina kistari, hata moja haikukosa. Ni 1921. Karani wa 1974 alisoma kwa macho yaliyozoea moja ya Kiswahili, kijiti kilichosimama, akaona saba.

Na zaidi ya tarakimu, aliacha neno. Circiter maana yake yapata. Padri mwenyewe hakujua mwaka. Aliambiwa, au alimtazama kijana akakisia. Cheti hakina yapata. Kinasema tu: kuzaliwa, 1927.

Nilijuaje kwamba ni Babu yetu, si Aloysius mwingine? Kwa pembeni. Vitabu hivi vina nafasi ya kuandika kila kinachompata mtu baadaye kanisani, kipaimara na ndoa, hata kama kimetokea parokia nyingine. Padri wa huko hulazimika kutuma taarifa huku. Pembeni ya jina lake kuna maandishi ya mikono miwili tofauti. Mmoja wa wino wa bluu: ndoa, Tanga, 1974, na jina kamili la Bibi, na la baba yake Bibi. Mbondei wa Muheza amelala pembeni mwa kitabu cha Ungoni miaka 51, hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Mkono wa pili ni wa zamani, wino umekuwa kahawia. Kipaimara, Septemba 1943, parokia hiihii.

Septemba 1943 Babu alikuwa Ungoni.

Nimepiga picha mstari wetu tu, juu na chini nimefunika kwa karatasi nyeupe. Wale wengine ni babu za watu, nao hawajaniruhusu. Kabla ya kutoka nikaandika S-1 palepale kwenye benchi la nje: kitabu, namba ya kitabu, ukurasa, namba ya mstari, mwandiko wa nani kwa kukisia, nani alikuwepo, saa ngapi, na kwamba nimekiona chenyewe, si nakala. Nikachora kwa penseli moja na saba za padri.

Ijumaa, 13 Juni

Baba Mkubwa kanisimulia usiku hadi jenereta la jirani likazimwa. M-12. Kwamba baba yake Babu alikuwa kijana wa kuchunga mbuzi wakati wazee wa Kingoni waliponyongwa hapa Songea baada ya Majimaji. Tarehe ya kunyongwa inajulikana, 27 Februari 1906, na makumbusho iko mjini. Ila kumbukumbu imepita midomo miwili kabla ya kunifikia, na mchunga mbuzi anaweza kuwa na miaka sita au kumi na minne. Ndivyo wanavyofanya makarani wa sensa kwa wazee wasiojua mwaka, wana kalenda yao ya matukio: nzige, vita, uhuru, vijiji. Inakupa mlango, haikupi kiti. Nimeandika: "Huenda alizaliwa kati ya 1892 na 1900", na mbele yake njia nzima, nani kamwambia nani.

Niliuliza pia kama Babu aliwahi kwenda mkonge kabla, akarudi, akaenda tena. Wengi walifanya hivyo. Baba Mkubwa hakujua. Nimeandika kwamba nimeuliza.

Jumapili, 29 Juni

Tanga. Nimepanga vyanzo mezani kwa ukoo wao, si kwa namba. Upande wa kuzaliwa: S-1 ni mzazi, cheti ni mtoto, daftari la Baba ni mjukuu, jiwe la kaburi ni kitukuu. Sauti moja, tena imekosewa kusomwa. NPF imesimama peke yake na 1925 yake. Naandika "yapata 1921", kwa sababu padri aliandika Babu akiwa mbele yake bado kijana, na karani wa shamba aliandika miaka thelathini baadaye. NPF haifutwi, inakaa chini ya ukurasa.

Upande wa kuja Tanga: kipaimara cha 1943 Ungoni, king'ora cha mwisho wa vita mwaka 1945, stakabadhi ya 1946. Vitatu hivi havijuani. Kimoja kiliandikwa na padri, kimoja na mtoza kodi, kimoja kilikaa kichwani mwa msichana wa darasa la tatu mwenye sindano mkononi. Vimekutana bila kupangiwa, na lori la Silabu limeingia katikati yao bila kusukumwa. Kijitabuni sasa panasomeka: "Aliingia Tanga kati ya Septemba 1943 na mwisho wa vita mwaka 1945, akiwa na miaka yapata 23. Haijulikani kama aliwahi kuja kabla ya hapo."

Madai 61 yamebaki 38. Kijitabu kimekonda. Upande wa Bibi, Wabondei wa Magila, nimeutoa wote. Unastahili kaunta buku yake.

Nimempelekea binamu wa kidato cha tatu kabla ya mtu mwingine yeyote. Akajibu: "Kwa hiyo nilikuwa sahihi?" Nikamwambia aliuliza vizuri.

Jumapili, 3 Agosti

Wiki iliyopita nilituma kwenye grupu picha ya S-1 na maelezo marefu, kwa uangalifu wote: yapata 1921, tarakimu ilisomwa vibaya, tusiguse jiwe la kaburi kwanza. Maua, mikono ya kusali.

Leo Baba Mdogo amepiga simu. Fundi ameshaitwa, saruji imenunuliwa.

"Tunaandika 1921, mwanangu, tumalize."

"Yapata 1921, Baba Mdogo."

"Yapata haitatosha kwenye jiwe. Na fundi anadai kwa herufi."

Nimefungua kaunta buku. J-2. Kimezaliwa na: ujumbe wangu wa tarehe 27 Julai. Yapata: imeachwa, kwa sababu ya bei.